Mgeni aje Kwale mwezi gani? Tusijibu "Desemba" kwa mazoea

Swali hili huulizwa kila mwaka na watu wa kila aina. Binamu aliye Muscat anapanga likizo yake ya kurudi nyumbani. Rafiki wa Nairobi anataka kuwaleta watoto baharini. Mzungu ameona picha za Diani na anataka kujua akate tiketi lini. Wote wanauliza neno moja: "Tuje mwezi gani?" Na sisi wenyeji, bila kufikiri sana, tunajibu: "Njooni Desemba."

Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu inayobaki ndiyo inayomfanya mgeni alipe chumba kwa bei ya juu kabisa ya mwaka, akapanga foleni ya feri juani, na akaondoka bila kujua kwamba Kwale ina vilima, misitu na mashamba. Nusu hiyo hiyo ndiyo inayomfanya mhudumu wa hoteli arudishwe nyumbani mwezi wa Mei na kuambiwa asubiri simu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Makala haya yanaeleza miezi ya pwani yetu ya kusini, kutoka Likoni hadi Vanga na kutoka ufuoni hadi huku juu Mkongani, ili anayeulizwa aweze kumjibu mgeni wake sawasawa. Na tukiendelea tutaona kwamba mwezi anaouchagua mgeni ndio unaoamua ni mwenyeji yupi atakayepona.

Kwanza upepo

Kabla ya kalenda ya ukutani, pwani hii ilikuwa na kalenda ya upepo. Mabaharia wa Oman, Ghuba na Bara Hindi waliteremka huku na kaskazi, wakafanya biashara, kisha wakarudi makwao na kusi. Hao ndio wageni wa kwanza waliochagua mwezi wa kusafiri, na hawakuwa na hiari nyingi, kwa sababu jahazi halishindani na msimu. Hata neno lenyewe "msimu" tumelipata kwa Waarabu, na kutoka neno hilo hilo la Kiarabu Wareno na baadaye Waingereza wakapata jina lao la pepo hizi za Bahari ya Hindi.

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Machi. Ni upepo wa joto na mkavu zaidi. Bahari huwa tulivu na safi, na wavuvi hutoka nje ya mwamba bila wasiwasi mkubwa. Huu ndio wakati wa sulisuli na nguru katika mkondo wa Pemba, na wakati ambao samaki hupatikana kwa wingi zaidi sokoni.

Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Ni upepo wenye nguvu, wenye mawimbi na baridi kidogo. Mvuvi mwenye ngalawa ndogo hushinda ndani ya mwamba, na bei ya samaki hupanda. Bahari huvurugika, na maji yanayoonekana kama kioo mwezi wa Februari huwa na ukungu wa mchanga mwezi wa Juni.

Katikati ya pepo hizi mbili kuna maleleji, kipindi cha upepo kugeuka. Maleleji ya Oktoba na Novemba ni ya thamani. Kusi imechoka, kaskazi haijashika, bahari inalala, na wageni bado hawajajaa. Maleleji ya Machi na Aprili nayo ni matulivu, ila yana joto kali, na mvua iko mlangoni.

Halafu mvua

Watu wa bara wana masika na vuli. Sisi wa pwani tuna tatu: mwaka, mchoo na vuli. Mvua ya mwaka huanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kushika kasi mwezi wa Mei. Mchoo ni manyunyu ya Julai na Agosti, yanayokuja asubuhi au usiku na kukatika. Vuli huja Oktoba hadi Novemba, wakati mwingine ikaingia Desemba.

Hapa ndipo penye jambo ambalo hata wenyeji wengi hulikosea. Tukitazama wastani wa miaka mingi katika kituo cha hali ya hewa cha Mombasa, Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote, zaidi ya milimita 200. Februari ndio mkavu kuliko yote, chini ya milimita 20. Lakini Juni mvua hushuka hadi karibu theluthi moja ya ile ya Mei, na Julai na Agosti hupungua zaidi. Oktoba na Novemba, miezi tunayoihesabu kuwa ya msimu mzuri, hupata mvua nyingi kuliko Julai na Agosti.

Maana yake ni kwamba ule mtindo wa kumwambia mgeni "usije kati ya Aprili na Agosti, ni mvua tupu" hauna msingi. Mwezi wa kuogopa hasa ni Mei, pamoja na nusu ya pili ya Aprili. Juni ni mwezi wa kupona, na Julai na Agosti ni miezi mizuri yenye upepo.

Na vuli pia si ya kudharauliwa. Kuna miaka ambayo Bahari ya Hindi ya upande wetu hupata joto kuliko kawaida, na vuli ikageuka gharika. Ilikuwa hivyo mwaka 1997, na tena Novemba 2023, mafuriko yalipokata barabara na kuhamisha familia katika kaunti za pwani, Kwale ikiwemo. Kwa hiyo mgeni wa Novemba asikate tiketi halafu akasahau. Mwezi wa Septemba Idara ya Hali ya Hewa huwa imeshatoa utabiri wa vuli, na inafaa ausikilize kabla ya kulipa.

Mwezi kwa mwezi

Januari hadi katikati ya Machi ndio wakati wa bahari. Anayetaka kuzamia na kutazama matumbawe katika hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, au kuvuka Shimoni kwenda Wasini bila kutapika, aje miezi hii. Maji ni safi na mashua hazirushwi. Papa shilingi, yule samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani na asiyemdhuru mtu, huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi. Wachezaji wa tiara za majini hupata kaskazi ya kutosha huko Galu. Wiki ya pili ya Januari, watoto wanaporudi shule, bei hupungua wakati bahari iko vile vile. Anayeweza kuahirisha safari kutoka tarehe 26 Desemba hadi tarehe 15 Januari atapata bahari ile ile kwa pesa kidogo na kelele kidogo.

Machi ni joto. Mchana hufika nyuzi 33 hivi, na usiku hakuna upepo wa kumpoza mtu. Mzee mwenye shinikizo la damu au mtoto mchanga hana raha. Anayependa maji ya uvuguvugu atafurahi.

Aprili hubadilika kulingana na Pasaka. Ikianguka mapema, hoteli hujaa. Baada ya Pasaka, mlango hufungwa.

Mei ni mvua, matope na ukimya. Baadhi ya hoteli hufunga kabisa kufanya ukarabati. Njia za vumbi za huku juu hugeuka utelezi, na bodaboda hukataa safari au huongeza nauli. Mbu huongezeka, na chandarua si hiari. Simshauri mgeni aje Mei, isipokuwa yule anayekuja kumtazama mama yake. Huyo hana msimu.

Juni ni mwezi ambao haujui mtu. Mvua inakatika, kila kitu ni kijani, vumbi limelala, na hoteli zinatafuta wageni kwa tochi. Chumba ambacho Desemba hakiguswi, Juni kinajadiliwa. Bahari haijatulia, na mgeni aambiwe hivyo mapema, asije akadai pesa zake kwa sababu mashua ya Kisite imeahirishwa.

Julai hadi Septemba ni miezi ya nchi kavu. Mchana huwa nyuzi 27 au 28, na usiku hushuka karibu na 20. Juu vilimani ni baridi zaidi, na asubuhi ukungu hukaa juu ya msitu. Nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu kuanzia Julai wakitoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa, na mashua za Shimoni huwafuatilia siku bahari inaporuhusu. Kasa hutaga zaidi kati ya Machi na Julai, na mayai huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Kwa hiyo anayekuja Agosti ana bahati ya kuona vitoto vya kasa vikikimbilia maji kule Diani.

Oktoba na Novemba ni maleleji na vuli. Siku nyingi huwa jua na bahari lala, nyingine mvua ya saa mbili kisha jua tena. Wazamiaji wengi waliozoea pwani hii huchagua Oktoba. Huku juu maembe yanaanza kuiva, na korosho zinaanza kuokotwa.

Desemba ni sherehe. Wiki mbili za mwisho kila kitu kimejaa. Tiketi za treni kutoka Nairobi huisha wiki kadhaa kabla, ndege za Ukunda hupanda bei, na magari hupanga foleni Likoni. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu imempa mwenye gari njia ya kufika Kwale bila feri, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini hakuna barabara inayoweza kupunguza bei ya chumba tarehe 31 Desemba.

Usisahau mwezi wa mbinguni

Mgeni akishachagua mwezi wa kalenda, bado kuna mwezi wa angani, na huu ndio wengi husahau kumwambia. Diani ina mwamba mbele yake, na maji hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua. Mtu aliyefika maji yamekupwa huuliza: "Bahari iko wapi?"

Kanuni ya wavuvi ni rahisi. Mwezi ukiwa mchanga kabisa au mpevu, ni bamvua. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Hizo ndizo siku za kutembea kwa miguu hadi mwambani na kuona nyota za bahari kwenye vidimbwi, ukiwa na viatu vya kuzuia miba. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Maji hayaendi mbali, na asubuhi ya saa nne yanakuwa yamejaa. Hizo ndizo siku za kuogelea na watoto.

Kwa hiyo mgeni mwenye siku tatu tu aulizwe anataka kuogelea au kutembea mwambani, kisha umtazamie mwezi. Ushauri huo ni bure, na hatausoma kwenye tangazo la hoteli.

Ramadhani na shule

Kuna jambo jingine kubwa kwa pwani ya Kiislamu. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2026 iliangukia Februari na Machi. Mwaka 2027 itaanza mapema Februari, 2028 mwishoni mwa Januari, 2029 katikati ya Januari, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba.

Tazama maana yake. Katika miaka hii michache, mwezi wa kufunga umeingia katikati ya miezi bora ya bahari. Nahodha anayefunga atampeleka mgeni Kisite huku koo limekauka. Mikahawa ya vijijini hufungwa mchana. Mgeni asiyejua hujikuta akila mchana hadharani na watu wakimtazama, na hakuna aliyemwambia.

Haina maana asije. Ramadhani ina uzuri wake: viazi karai, kaimati, tambi na mihogo ya nazi barabarani kuanzia alasiri, na mji unaoamka usiku. Lakini aambiwe. Binamu wa Muscat, kwa upande wake, huenda akataka hasa kufuturu na familia na kusali Idi nyumbani. Kwake yeye Ramadhani ndio mwezi bora, iwe mvua au jua. Na anayekuja kwa harusi ajue kwamba nyingi hufanywa kabla ya Ramadhani kuingia au baada ya Idi.

Familia za Nairobi nazo zimefungwa na shule. Wao wana Aprili, Agosti na ile likizo ndefu ya Novemba na Desemba. Kati ya hizo tatu, Aprili ina mvua na Desemba ina gharama. Agosti ndiyo inayobaki, na ndiyo tunayoitumia vibaya.

Nani hupona?

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kwale inauza mchanga na bahari. Tunapomwambia kila mgeni aje Desemba, tunamleta Diani wakati mmoja na wenzake wote, anakaa siku tano ufuoni, anaondoka. Hoteli huajiri vibarua wa wiki sita. Nahodha, mpishi, dereva wa tuktuk, kijana anayeuza vinyago na mama anayesuka nywele hufanya kazi usiku na mchana, kisha wanakaa Mei na Juni wakikopa dukani. Kazi ya wiki sita haiwezi kulipa karo ya mihula mitatu.

Na huku Mkongani, nyuma ya msitu wa Shimba, hata hizo wiki sita hatuzipati. Mgeni wa Desemba hapandi kilima. Jua ni kali, ana siku chache, na hakuna aliyemwambia kuna nini huku.

Kuna nini? Kuna Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, na lango lake kuu liko karibu na mji wa Kwale. Ndipo mahali pekee Kenya mtu anapoweza kumwona palahala porini, yule dume mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia. Kuna maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha mita 21 hivi, ambayo mgeni huteremkia kwa miguu akiongozwa na askari wa wanyamapori. Kuna hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje, ambayo wenye mashamba waliianzisha miaka ya 1990 kwa kutoa ardhi yao ili ndovu wapite. Kuna chemchemi za Marere, ambazo maji yake yamenywewa na mji wa Mombasa kwa miaka mingi. Chini, karibu na bahari, kuna Kaya Kinondo, moja ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa kwenye urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2008, ambapo mgeni huvishwa kaniki kabla ya kuingia msituni.

Mambo haya yote yana mwezi wake, na mwezi huo si Desemba. Ni Julai, Agosti na Septemba. Mvua ya mwaka imepita, mto una maji, msitu ni kijani, njia imekauka, na mtu anaweza kutembea saa mbili bila kuzimia kwa joto. Mahindi yaliyopandwa Aprili yanavunwa Agosti. Machungwa yapo, madafu yapo, mihogo ipo. Yaani wakati ule ule bahari inapokataa, kilima kinakubali. Mungu ametugawia vizuri, ni sisi tusiogawa wageni.

Mkulima wa Mkongani ana haki ya kulisema hili kwa sauti, kwa sababu yeye analipa gharama ya hifadhi bila kula matunda yake. Ndovu wanapotoka msituni usiku, hawaendi kula bustani ya hoteli Diani. Wanakula mahindi, migomba na minazi ya watu wa huku. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua fidia ya mazao, lakini fidia huchukua muda mrefu, na ndovu hurudi kabla yake. Mtoto wa nyumba hiyo akiulizwa shuleni ndovu ni nini, atajibu ni adui. Atakuwa na jibu lingine siku atakapomwona mgeni amelala kijijini, amekula wali wa nazi wa mama yake, na amelipa, kwa sababu ya ndovu huyo huyo.

Wapo watakaosema kwamba wageni hawaji Agosti kwa sababu bahari ina mawimbi, na mgeni anataka bahari. Hoja hiyo ina uzito. Mtu wa Ulaya anayekimbia theluji atakuja Januari, na hatuna uwezo wa kumhamisha. Lakini si wageni wote ni hao. Ulaya nayo ina likizo yake ya kiangazi Julai na Agosti, na watalii wengi huwa wamekuja Kenya wakati huo kutazama nyumbu Maasai Mara. Familia ya Nairobi ina Agosti. Chuo kinacholeta wanafunzi kujifunza misitu kina Agosti. Hawa wote tunawaambia "bahari chafu, ngojeni Desemba", badala ya kuwaambia: siku mbili Diani ndani ya mwamba ambako maji yamekingwa, siku moja Kinondo, siku mbili vilimani.

Wenzetu wa mbali

Tusidhani tatizo hili ni letu peke yetu. Nenda hadi Bangkok, Thailand, mji ambao nao huishi kwa pepo za msimu. Huko ukauliza mwezi mzuri, watakwambia Novemba hadi Februari: mkavu, na joto linavumilika. Aprili ni jua la kuchoma, na kuanzia Mei hadi Oktoba ni mvua.

Lakini wao hawakufunga duka. Aprili, mwezi wa joto kali, wana Songkran, mwaka mpya wao wa jadi, ambapo mji mzima humwagiana maji barabarani. Mila ya wazee imekuwa sababu ya mgeni kuja katika mwezi ambao angeukimbia. Desemba 2023 UNESCO iliitambua sherehe hiyo kuwa urithi wa dunia usioshikika. Na miezi ya mvua wameipa jina jipya. Badala ya kuiita msimu mbaya, wanaiita msimu wa kijani, na wanashusha bei waziwazi.

Sisi tuna mvua kidogo Julai kuliko wao, tuna nyangumi, tuna vitoto vya kasa, tuna palahala, halafu tunauita "msimu mbaya". Jina hilo tumelipachika wenyewe, na mgeni amelirudia tu.

Mjibu mgeni wako hivi

Kwa hiyo siku simu itakapolia, usijibu mwezi. Uliza kwanza maswali matatu: Unakuja kufanya nini? Unakuja na nani? Una pesa kiasi gani?

Anayetaka kuzamia, kuvua au kwenda Kisite: Januari hadi katikati ya Machi, au Oktoba. Aambiwe tarehe za Ramadhani.

Anayekuja na wazee au watoto wadogo: Julai hadi Septemba, kwa ajili ya baridi nzuri, na siku za maji mafu kwa ajili ya kuogelea.

Anayetaka msitu, wanyama, kaya na maisha ya vijijini: Agosti na Septemba. Ashuke Ukunda, apite Kombani, apande hadi Kwale, asiishie hapo.

Mwenye pesa kidogo: Juni, baada ya wiki ya kwanza, au nusu ya pili ya Januari.

Anayetaka ngoma, watu na fataki: Desemba. Akate tiketi mapema na asilalamike.

Anayekuja kwa ajili ya familia: Ramadhani na Idi, au siku yoyote mama atakayosema.

Na Mei? Mwache apumzike, na ardhi inywe maji.

Hatuhitaji pesa za serikali kuanza kujibu hivi. Kila mtu wa Kwale mwenye simu ana jamaa au rafiki anayemuuliza. Wageni kumi wakihamishwa kutoka wiki ya Krismasi hadi Agosti, mpishi mmoja ataongezewa mwezi wa kazi, na mkulima wa Mkongani atauza madafu yake bila kuyapeleka sokoni. Desemba haitapungukiwa kitu, maana itajaa tu.